Waarabu wa Tabora: walikuja na misafara, wakabaki na maduka

Kila tunapogusa historia ya mkoa wetu hewani, swali moja hurudi kwa simu na kwa ujumbe mfupi: hawa Waarabu wa Tabora ni wageni au ni wenyeji? Wapo wanaouliza kwa utani. Wapo wanaouliza kwa uchungu, kwa sababu wakisikia neno Mwarabu wanakumbuka utumwa. Na wapo wanaouliza kwa sababu bibi yao mzaa baba alikuwa Mnyamwezi, babu yao alitoka Oman, na wao wenyewe hawajui wajibu nini wakiulizwa kabila.

Swali hili halijibiki kwa neno moja. Inabidi turudi nyuma karibu miaka 200.

Wanyamwezi walitangulia kushuka pwani

Shuleni wengi tulisikia kwamba Waarabu walifungua njia kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Mambo yalianza kinyume chake. Wanyamwezi ndio waliotangulia kushuka pwani na pembe za ndovu wakirudi na nguo na shanga, na ilikuwa hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800. Wafanyabiashara wa pwani walifuata nyayo zao kuja bara, wakiongozwa na watu waliokwisha kuijua njia, visima vyake na watemi wake.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe ni mfano mzuri. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kwamba Fundikira alikuwa safarini kuelekea pwani akiwa mpagazi katika msafara alipopata habari ya kifo cha baba yake. Akatua mzigo, akarudi nyumbani kutawala. Mtemi aliyewapokea Waarabu alikuwa mtu aliyejua uzito wa mzigo begani.

Na mzigo ulikuwa mzito kweli. Kipimo cha pembe kilikuwa frasila, kama kilo 16, na mpagazi alibeba kama frasila mbili. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, kupitia Mpwapwa, Ugogo ambako maji ni ya shida, Tura, Tabora, kisha Uvinza kwenye chumvi na mto Malagarasi. Kila palipokuwa na mtemi mwenye nguvu msafara ulisimama kulipa hongo. Neno hilo leo maana yake ni rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali, wa wazi, na asiyelipa hakupita.

Kaze, Kwihara na nyumba za tembe

Tabora ya leo ilikua kutokana na makazi kadhaa yaliyokuwa karibu karibu katika utemi wa Unyanyembe. Kaze ndiyo iliyotajwa sana na wasafiri wa kwanza. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ilikuwa na nyumba za matajiri. Jina Tabora wenyeji wengi hulieleza kuwa limetokana na matobolwa, yale viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Chakula hicho hakiozi safarini, kwa hiyo maelezo hayo yanaingia akilini.

Burton na mwenzake Speke walipofika Kaze Novemba 1857 walipokelewa na Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi kutoka Oman. Jirani yake mkubwa katika biashara alikuwa Musa Mzuri, ambaye hakuwa Mwarabu bali Mhindi. Burton alikadiria kuwa Waarabu wa Unyanyembe hawakuzidi 25 hivi, na msimu wa safari walibaki watatu au wanne tu, wengine wote wakiwa njiani. Tafakari idadi hiyo. Watu 25 hawawezi kuuteka utemi wenye maelfu ya watu na silaha zao. Walikaa kwa ridhaa ya mtemi.

Waswahili wa pwani, ambao hawakupatana sana na Waomani, walipenda kukaa Msene, upande wa magharibi. Kwa hiyo hata wakati ule neno "watu wa pwani" halikuwa na maana ya kundi moja.

Ukitaka kuona jinsi walivyochanganya ya kwao na ya hapa, tazama nyumba. Walijenga tembe, nyumba ya paa bapa la udongo ambayo bara iliijua zamani, lakini wakaipa baraza ya mbele ya kupokelea wageni na mlango wa mbao wa kuchonga kama wa Unguja. Uani wakapanda mikomamanga, mindimu na mipapai. Mashambani walilima mpunga, ngano na vitunguu. Miembe mikubwa inayotupa kivuli Tabora hadi leo ni ukumbusho wa kizazi hicho na wa misafara yao.

Ila mashamba hayo hawakuyalima wenyewe. Yalilimwa na watumwa.

Biashara yenyewe ilivyokwenda

Nguvu ya biashara hii ilikuwa mkopo. Mfanyabiashara wa Kiarabu mara nyingi hakuwa tajiri alipoondoka Unguja. Wengi walitoka vijiji vya bara ya Oman, kwenye ukame na mashamba madogo ya mitende, wakasikia kwamba Sultani Sayyid Said amehamishia makao yake Unguja na kwamba pembe zina bei. Walichukua bidhaa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Taria Topan ndiye maarufu kuliko wote, na ndiye aliyemkopesha Tippu Tip.

Bidhaa zilikuwa nguo za merikani, zilizoitwa hivyo kwa sababu zilifumwa Marekani, kaniki ya kutoka India, shanga za rangi mbalimbali, waya wa shaba, bunduki na baruti. Nguo ndiyo ilikuwa fedha. Shuka moja ilikuwa mikono minne, doti moja shuka mbili, na kila mtu sokoni alijua kupima kwa kiwiko.

Deni lililipwa msafara ukirudi, pengine baada ya miaka miwili au mitatu. Msafara ukiibiwa, wapagazi wakitoroka au vita vikifunga njia, mtu alibaki na deni asiloweza kulilipa. Baadhi hawakuthubutu kurudi Unguja. Walibaki bara, wakaoa, wakalima, wakawa watu wa hapa kwa sababu ya daftari la mtu mwingine. Mimi naona sehemu hii ya historia inasahauliwa sana: si wote waliobaki Tabora kwa kuwa walifanikiwa.

Pembe zilipopungua karibu, misafara ilisonga mbele zaidi, kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, Kongo ya mashariki. Huko biashara ikawa ya kikatili zaidi. Vijiji vilivamiwa, watu wakakamatwa, wengine wakabebeshwa pembe hadi huku. Baadhi ya Wamanyema walioletwa Tabora na Ujiji kwa njia hiyo, na wengine waliokuja kama wapagazi na askari wa misafara, ndio mababu wa familia ambazo leo ni watu wa mjini kabisa.

Hapa lazima tuseme jambo moja bila kuzunguka. Utumwa wa njia hii haukuwa wa Waarabu peke yao. Wanyamwezi waliotajirika kwa pembe nao walinunua watumwa wa kuwalimia wakati wanaume wako safarini, na watemi waliuza mateka wa vita. Kulisema hilo hakumpunguzii hatia mwenye kununua. Anayesimulia kwamba Waarabu walikuja kuwinda watu tu anasimulia nusu, na anayesimulia kwamba walikuja kufanya biashara na kuleta dini tu naye anasimulia nusu.

Ndoa, vita na ushuru

Njia ya haraka ya kupata ulinzi katika nchi ya watu ni kuoa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikaa Tabora na kumwoa Karunde, wa ukoo wa Mtemi Fundikira. Kwa ndoa hiyo hakuwa tena mpita njia, alikuwa shemeji wa ikulu. (Na neno ikulu lenyewe linahusishwa na Kinyamwezi, ikuru, makao ya mtemi.) Mwanawe Hamed bin Muhammed, ambaye bara ilimwita Tippu Tip, alizaliwa Unguja akiwa na damu ya Kiafrika kupitia bibi zake, akaanza kusafiri akiwa kijana na kufika Tabora kwa baba yake. Mwishoni mwa maisha yake alisimulia habari zake kwa Kiswahili, si kwa Kiarabu. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Lakini ushemeji haukuzuia ugomvi. Fundikira alipofariki, karibu na mwaka 1858, utemi ulimwangukia Mnywa Sere. Mtemi huyu aliona bidhaa zinapita nchini kwake na wageni wanatajirika, akaamua kuzitoza ushuru. Waarabu walikataa. Wakamuunga mkono mtu mwingine wa ukoo wa kitemi, Mkasiwa, na kumwondoa Mnywa Sere kwa nguvu. Vita hivyo vilidumu miaka kadhaa. Snay bin Amir, yule mwenyeji wa Burton, aliuawa humo. Mnywa Sere naye aliuawa mwaka 1865.

Hapa ndipo mgeni alipovuka mpaka. Alikuja kwa ruhusa ya mtemi, akaishia kuchagua nani awe mtemi. Kama unatafuta mwanzo wa kutoaminiana, mimi ningeuweka hapa kabla ya mahali pengine popote.

Kisha akaja Mirambo wa Urambo, aliyetaka njia ya pembe ipite mikononi mwake. Mwaka 1871 Waarabu walitoka kumpiga wakashindwa vibaya, na Agosti mwaka huo aliingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Kwihara wakati huo, akielekea kumtafuta Livingstone. Ilibidi azunguke kwa njia ya kusini ili afike Ujiji. Mirambo alifariki Desemba 1884.

Stanley na Livingstone walirudi pamoja Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki kwenye tembe hadi Agosti akisubiri wapagazi. Nyumba ile leo ni makumbusho yenye jina la Livingstone. Imejengwa upya, lakini umbo ni lile lile. Ni vizuri kukumbuka kwamba ilikuwa nyumba ya Waarabu, na kwamba Livingstone, aliyeandika kwa nguvu kupinga biashara ya watumwa, alikula na kulala miaka mingi kwa wafanyabiashara hao hao. Hakuwa mnafiki. Hapakuwa na njia nyingine ya kuishi barani.

Dini iliingia kwa mlango mwingine

Wengi hudhani Uislamu wa Tabora uliletwa na Waomani. Angalia misikiti ya kwetu. Waomani wengi walikuwa Ibadhi, na Waislamu wa Tabora kwa sehemu kubwa ni Sunni wa madhehebu ya Shafii. Waomani hawakuhangaika kuwasilimisha watu. Dini ilisambazwa zaidi na Waswahili, wale waungwana wa misafara, wapagazi waliokaa pwani msimu mmoja wakarudi na kanzu na kofia, na baadaye masheikh wa tarika ya Kadiria. Kwa mtu aliyetoka utumwani, tarika ilikuwa mahali ambapo angeweza kukaa mstari mmoja na bwana wake wa zamani, hata kuwa khalifa.

Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo. Utani nao ni hivyo hivyo: ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo ulikomaa katika safari hizi, ambapo mgeni akiugua au kufa njiani alihitaji mtani wa kumzika.

Bendera, reli na duka

Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora. Waarabu wa mji waliona heri wapatane naye. Mtemi Isike hakupatana. Wajerumani walipoivamia ngome yake Januari 1893, alijilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Hili nalo watu hawajalisahau: nani alipatana na nani alikufa.

Wajerumani hawakufuta utumwa mara moja. Waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia mwaka 1906 awe huru. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake, wapo wazee waliofariki tukiwa tumezaliwa ambao wazazi wao waliwahi kuwa mali ya mtu. Ndiyo maana mpaka leo, posa ikipelekwa, kuna nyumba ambazo mazungumzo ya ukoo hufanywa kwa sauti ya chini.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafara ukafa. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya wapagazi. Wahindi wenye mitaji wakashika maduka makubwa ya mjini. Waarabu, wale wa zamani na wapya waliozidi kuja kutoka Oman, walioitwa Wamanga, wakaelekea vijijini na kwenye miji midogo kama Nzega na Igunga.

Huko ndiko duka la Mwarabu lilikozaliwa. Chumba kimoja, kaunta ya mbao, chumvi, sukari, mafuta ya taa, kanga, majembe. Nyuma ya duka wanalala. Mwenye duka aliuza na pia alinunua: karanga, mpunga, ngozi, asali na nta. Msimu wa njaa alikopesha, msimu wa mavuno alikusanya. Sheria ya kikoloni ilizuia deni la Mwafrika kudaiwa mahakamani bila kibali, kwa hiyo mkopo wa kijijini ulisimama juu ya kuaminiana na kufahamiana. Mwenye duka asiyejua Kinyamwezi au Kisukuma hakudumu. Wazee wengi watakuambia Mwarabu fulani aliwasaidia mwaka wa njaa. Wengine watakuambia mizani yake ilikuwa nyepesi upande mmoja. Zote ni kumbukumbu za kweli, pengine za duka lile lile.

Serikali ya kikoloni iliwagawa watu makundi: wenyeji na wasio wenyeji. Mwarabu aliwekwa kundi la pili, hata kama mama yake alikuwa Mnyamwezi. Kwa desturi ya Kiislamu mtoto wa Mwarabu aliyezaliwa na suria, baba akimkubali, alikuwa huru na alifuata nasaba ya baba. Kwa hesabu ya Kinyamwezi alikuwa na wajomba hapa hapa. Mtu mmoja, hesabu tatu.

Baada ya Uhuru

Sheria ya uraia iliyoanza kutumika siku ya Uhuru, Desemba 9, 1961, haikuuliza rangi. Mtu aliyezaliwa Tanganyika akiwa chini ya himaya ya Waingereza, na mzazi wake mmoja naye akiwa amezaliwa Tanganyika, akawa raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili kujiandikisha. Familia nyingi za Kiarabu za mkoa huu ziliingia kwa mlango wa kwanza, na mara nyingi mzazi huyo aliyezaliwa hapa alikuwa mama.

Katika baraza la kwanza la mawaziri Waziri wa Sheria alikuwa Chifu Abdallah Said Fundikira, wa ukoo ule ule wa Unyanyembe. Angalia majina yake: mawili ya kwanza ni ya Kiislamu, la tatu ni la mtemi aliyetua mzigo njiani.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa wenye maduka wote. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliwatia hofu hata Waarabu wa bara ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja. Azimio la Arusha la 1967 lilimweka mfanyabiashara upande wa mnyonyaji. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa yapishe maduka ya ushirika. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Biashara ilianza kufunguliwa tena kwa bajeti ya mwaka 1984.

Katikati ya hayo, Oman ilibadilika. Sultani Qaboos alishika madaraka mwaka 1970, mafuta yakaleta fedha, na watu wenye asili ya huko waliitwa warudi kujenga nchi. Familia nyingi za Tabora, Nzega na Shinyanga ziligawanyika, kaka mmoja akaenda Muscat, mwingine akabaki na duka. Waliokwenda walikuta jambo la kuchekesha kidogo na la kuumiza kidogo. Hapa waliitwa Waarabu. Kule, kwa kuwa walizungumza Kiswahili na Kiarabu chao kilikuwa cha kubabaisha, waliitwa Wazanzibari, hata yule aliyezaliwa Igunga. Na kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, aliyechukua pasipoti ya kule anarudi kuzika wazazi wake Tabora akiwa raia wa nchi nyingine.

Kwa wanaotaka kuona kwa macho: njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006, kuanzia Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara hadi Ujiji. Tembe la Kwihara linafikika kwa bodaboda kutoka mjini. Ukifika, usiishie kwenye habari za Livingstone tu; muulize mtunzaji pia habari za wenye nyumba na za waliolima mashamba yao.